Beseni la Vidonge

Kiharusi kilipompiga Raheli kilichukua mkono wa kushoto, kikauvuta mdomo upande, kikaacha ulimi. Watu wa Msalato, pembeni mwa mji wa Dodoma, waliomfahamu walisema hapo kilikosea, kingeanza na ulimi wangepumzika kidogo. Alikuwa mwanamke wa kubishana na yeyote: na mnunuzi wa soko la Majengo anayebonyezabonyeza mlenda wake mkavu, yale majani ya mboga anayouza, kama anachagua godoro, na mchungaji akirefusha mahubiri, na dereva wa lori la kokoto anayekimbilia kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege na kumjazia vumbi kwenye mlenda alioanika. Mdomo wa upande mmoja ulimtosha kabisa.

Kwa hiyo siku Daktari Stanley alipowakusanya wagonjwa wa kiharusi wa Msalato kwenye chumba cha nyuma cha kanisa ili awaeleze habari za utafiti, usidhani Raheli alikaa kimya. Stanley alikuwa kijana mrefu, mpole, wa kuinama kila anapomwamkia mtu mzima. Na alieleza vizuri, haki yake tumpe. Alisema kuna kitu kwenye damu kinaitwa homosisteini. Kikizidi, huchubua kuta za mishipa ya ubongo, mpaka mishipa inakakamaa au inaziba. Vitamini za kundi B hukishusha kitu hicho. Lakini je, kikishuka, kiharusi cha pili nacho kitapungua? Hapo ndipo wataalamu wanapovutana, na ndiyo maana yuko pale. Nusu yao watapewa vidonge vya vitamini. Nusu watapewa vidonge vinavyofanana na vile kwa rangi na kwa ladha, ila ndani hamna dawa. Nani kapata nini, hakuna mgonjwa atakayejua, na yeye daktari mwenyewe hajui.

"Hamna dawa kabisa?" Raheli aliuliza.

"Kabisa, mama."

"Na huyo mwenye kitupu atakuwa anameza kila siku?"

"Kila siku. Lazima, ndipo tuweze kulinganisha."

"Mwanangu, wewe kwenu wapi?"

"Mpwapwa, mama."

"Basi umelelewa. Huko kwenu Mpwapwa wakija wageni, nusu yao mnawapakulia ugali, nusu mnawapa sahani tupu, halafu mnakaa mnatazama nani anashiba?"

Watu walicheka. Stanley naye alicheka, na hapo alikosea, kwa sababu alidhani mama anatania. Akaendelea kusoma karatasi zake huku Raheli akiendelea kuwaeleza waliokaa karibu naye habari za sahani tupu.

Walikubali wote, Raheli akiwemo, na sababu haikuwa vitamini. Sababu ilikuwa presha. Pamoja na vikopo vya vidonge vya utafiti, kila mwezi kungekuwa na kliniki palepale kwenye chumba cha kanisa: mashine ya kupimia presha, na kabati dogo la dawa za presha, za kila mtu, bila kubagua nani yuko kundi gani. Wewe mwenye miguu yako miwili utasema hilo jambo dogo, mjini si mbali. Kamwulize Mwantum.

Mwantum alikuwa jirani yake Raheli, nyumba zao zinapakana. Alikuwa Mrangi wa Kolo, aliolewa huku, akafiwa na mume huku, na binti yake wa pekee, Salma, kaolewa Kondoa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, swala tano hazimpiti. Yeye alipigwa namna hii: alitakiwa kwenda mjini kuchukua dawa za presha, goti likamsumbua, akaahirisha mwezi wa kwanza, akaahirisha wa pili, wa tatu akaanguka jikoni. Mguu wa kushoto ukabaki wa kuburuza, na kumpandisha kwenye bajaji ikawa kazi ya watu wawili. Daktari aliyempokea alimwambia waziwazi kwamba akiacha tena dawa, kiharusi cha pili hakitamwacha. Raheli alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo, kwa ubishi wake wote, kulikuwa na kitu kimoja tu alichokiogopa duniani, nacho ni kumzika Mwantum.

Sasa sikia walichofanya.

Ugogoni, kwao Raheli, nyama haigawiwi chumbani. Mnyama akichinjwa, mgawo ni uwanjani, watu wamekaa wanaona, na mmoja akipewa mfupa mtupu hakuna anayetia kitu mdomoni mpaka mgawo urudiwe. Raheli alikulia kwenye adabu hiyo na hakuwahi kuisikia ikihojiwa. Vikopo vilipokuja, vyeupe, kila kimoja na namba yake, alijitahidi kumeza vyake kama alivyoelekezwa. Siku za mwanzo alimeza. Baadaye akawa anakiweka kidonge mkononi, anakitazama, anamfikiria Mwantum upande wa pili wa ua naye kashika cha kwake, na moyo unamkataa. Ikafika asubuhi moja akatuma watu wakawaite wenzake wote wa utafiti, na vikopo vyao. Walipofika walikuta katandika mkeka uani, na juu ya mkeka beseni lake kubwa la kuoshea majani.

"Mimineni," alisema.

Mzee Abeli ndiye aliyeelewa kwanza. Aliwahi kuwa karani wa kijiji, na sasa alitembelea mkongojo. "Tukichanganya," alisema taratibu, "kila mtu anapata vya kweli na vya uongo."

"Ndiyo maana yake. Hakuna atakayeambulia patupu."

Wakamimina mmoja mmoja, vidonge vikalia kwenye bati. Mwantum peke yake alibaki na kikopo chake mapajani.

"Hii ni amana, Mama Kefa," alimwambia Raheli. "Yule kijana katukabidhi, kila mtu na chake. Na sisi tulimwambia ndiyo."

"Tulimwambia tutameza. Si tutameza?"

"Hukumwambia utachanganya."

"Hakuniuliza."

"Basi kamwulize wewe."

"Nikimwuliza atakataa."

Jibu lilikuwa limeshatoka. Mtu mwingine angeishia hapo. Raheli akapiga magoti mbele ya jirani yake, na kupiga magoti kwa mwenye mkono mmoja si mchezo.

"Mama Salma, sikiliza. Pengine changu mimi ndicho kizima na chako ni chokaa. Unataka nimeze huku nikijua hivyo? Nitakimeza vipi? Kitapita wapi?"

Mwantum akafungua kifuniko akamimina. Hakumimina kwa kuwa amekubali, alimimina kwa kuwa aliyepiga magoti ni Raheli. Raheli alilijua hilo vizuri sana, akajifanya hajui.

Ikawa desturi yao. Kila wakitoka kliniki wanapitia uani kwa Raheli, Mzee Abeli anagawa kwa kikombe cha kahawa, macho ya wote kikombeni, na hakuna aliyelalamika kapunjwa. Wakawa wanataniana. Mtu akichelewa kuamka anasema jana kameza vya uongo vitupu. Presha zao zilitulia, kwa sababu dawa za presha walizimeza kama walivyoandikiwa, kila mtu zake, hizo hawakuzigusa. Mwantum alianza kutembea mpaka kisimani na kurudi bila kushikwa. Raheli alimwangalia akipita na fimbo yake, akajiona mwerevu kuliko madaktari wote wa Dodoma.

Kisha damu zao zikachukuliwa kwenda kupimwa.

Stanley alikuja peke yake siku ambayo si ya kliniki, akaomba wote wakusanyike. Safari hii aliamkia kwa haraka, bila kuinama. Alisema kuna watu maalumu wasiokutana na wagonjwa, wao kazi yao ni kutunza siri ya nani anapewa nini. Hao wameona jambo. Vijiji vingine vyote damu imejigawa, nusu ya watu ile homosisteini imeshuka, nusu iko palepale. Msalato imeshuka kwa wote, sawasawa.

"Si ndiyo vizuri?" Mzee Abeli aliuliza, kisha akakumbuka, akaanza kuutazama mkongojo wake.

"Naomba mnisaidie kuelewa," Stanley alisema.

Hakuna aliyemwangalia Raheli. Walijitahidi mno kutomwangalia, hata kipofu angejua ni nani. Raheli akasimama.

"Tulichanganya. Kwangu, kwenye beseni. Mwenye wazo ni mimi."

Stanley alikaa kwenye benchi lililokuwa karibu. "Tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi ule wa kwanza."

"Kwa nini?"

"Nilikuambia kwa nini siku ya kwanza. Ukacheka."

Kijana alijipangusa uso kwa viganja viwili. "Mama, ile si ugali. Ugali tunajua unashibisha. Hii hatujui. Damu imeshuka, sawa. Kiharusi je? Hakuna anayejua. Kuna nchi waliwapa vitamini hizihizi wagonjwa wa sukari wenye figo mbovu, wakazidi kuumia. Ndiyo maana nyinyi tuliwapima figo kwanza. Pengine aliyemeza kitupu ndiye alikuwa salama. Wewe ulidhani unagawa nyama. Ulikuwa unagawa swali, mama, na sasa hapa Msalato hakuna tena wa kulijibu."

"Habari za figo hukutuambia."

"Niliwaambia. Ulikuwa unaongea."

Watu wawili watatu waliitikia kwa kichwa, wanakumbuka. Raheli hakukumbuka, maana kweli alikuwa anaongea.

Maneno yale yalimwingia. Mtu akiwa jeuri haina maana ni mjinga. Aliona papo hapo alichofanya: kama kile kitu kingekuwa na madhara, angekuwa yeye ndiye aliyemnywesha Mwantum, tena kwa kumpigia magoti. Aibu ilimchoma kweli. Lakini kwake yeye kuona aibu ni jambo moja na kuinamisha kichwa ni jambo lingine, basi akabaki amesimama hivyo hivyo, anatazamana na daktari.

Aliyeinuka ni Mwantum. Alichukua fimbo yake, akaanza kuburuza mguu kuelekea mlangoni. Raheli alimfuata mpaka nje.

"Mama Salma."

"Nilikuambia ni amana," Mwantum alisema bila kugeuka. Baada ya hapo hakumsemesha tena. Akipita uani anamsalimia mjukuu wa Raheli, anamsalimia hata mbwa, Raheli anamruka.

Habari za kufungwa kituo zilifika kabla vumbi la gari la Stanley halijatulia. Ofisi ya mjini ilikuwa inataka kuiondoa Msalato kwenye utafiti, na Msalato ikiondolewa, kliniki nayo inaondoka, kwa sababu mashine na kabati ni vya utafiti. Wagonjwa watakuwa wanakwenda mjini kama zamani. Raheli aliposikia hilo la mjini, alikaa juu ya gunia la karanga. Alimwona Mwantum akiahirisha mwezi wa kwanza. Alimwona akiahirisha wa pili.

Siku chache baadaye, alasiri, Stanley alikuja nyumbani kwake. Alikataa chai, akakubali kigoda.

"Mama, nimefikiria sana," alisema. "Kamati inamtuma mtu kuwahoji siku ya kliniki. Ni Profesa Angelina, mwenyekiti wake na bosi wangu. Ukisema ni wewe na Mzee Abeli tu mliochanganya, na wengine walimeza vyao, watawatoa nyinyi wawili. Kituo kitabaki. Mama Salma atabaki na kliniki yake."

"Na damu ya watu wote iliyoshuka?"

"Nitasema ni mlenda. Majani yana asidi ya foliki, ni miongoni mwa vitamini hizo za kundi B. Nitaandika kwamba watu wa Msalato wanakula mlenda mwingi kuliko vijiji vingine."

"Ni kweli?"

"Majani mabichi, kweli yanayo. Haya ya kuanikwa juani wiki nzima sina hakika yanabakiza nini. Lakini watakubali."

Raheli aliutazama mlenda wake juu ya turubai. Miaka yote aliyouuza Majengo hakuna msomi aliyewahi kuusemea neno jema, na leo kijana huyu anataka kuuandika kwenye vitabu. Angekuwa mtu wa kupenda sifa, hapo ndipo pake. Ila si sifa zilizokuwa zinamvuta. Kilichomvuta ni lile kabati la dawa likiwa limebaki mahali pake, na Mwantum anakwenda kupimwa kwa miguu yake. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hilo jibu lenu likishapatikana linakwenda wapi?" aliuliza badala yake.

"Linachapishwa. Madaktari wanasoma."

"Wa Dodoma?"

"Wa kila mahali."

"Kwa hiyo kuna mtu huko, simjui hanijui, kapigwa kiharusi kama mimi. Daktari wake atampa hizi vitamini, au atamnyima, kwa sababu Raheli wa Msalato alisema mlenda."

Stanley alikuwa anachora chini kwa ncha ya kiatu.

"Sifanyi," Raheli alisema.

"Mama, kliniki itafungwa."

"Nimesikia."

"Na Mama Salma—"

"Usimtaje." Alisema kwa ukali mpaka kuku wakatawanyika. "Unafikiri simwazi? Nimemwaza mpaka kichwa kinaniuma, na mimi kichwa kikiuma naogopa. Lakini nilipochanganya nilichanganya mchana, mbele ya watu, kwenye beseni. Sijawahi kufanya jambo la kujificha, sitaanzia kwako. Na wewe mwenyewe umepatwa na nini? Mimi nimeiharibu kazi yako bila kujua. Wewe unataka kuiharibu huku unajua."

Kijana aliinuka. Macho yalikuwa yamemlowa, na Raheli akamwonea huruma, kwa sababu aliona kwamba si ubaya, ni woga na wema vimechanganyika. Lakini hakumwambia. Alimwacha aende na maneno yale yamwume vizuri.

Siku ya kliniki ikafika. Gari la ofisi liliegeshwa chini ya ukuta wa kanisa, akashuka Profesa Angelina, mwanamke wa makamo, nadhifu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Aliwaamkia wazee kwanza, akakaa kwenye benchi la mbao kama wao, akauliza. Mwantum alikaa benchi la nyuma kabisa, ushungi umemfunika hadi kwenye nyusi. Stanley alisimama karibu na mashine ya presha, mikono nyuma.

Raheli alieleza yote. Beseni, kikombe cha kahawa, magoti. Hakupunguza wala hakujitetea, na habari za alasiri ile Stanley alipokaa kigodani hakuzisema, maana hizo zilikuwa za Stanley kuzisema au kuzinyamazia. Alipomaliza, Profesa alivaa miwani akaivua tena.

"Nakushukuru, mama. Kweli. Ungenyamaza tungewapa watu jibu la uongo." Alishusha pumzi. "Lakini utaratibu hauniachii nafasi. Kituo cha Msalato tunakifunga leo. Majina yenu yatapelekwa hospitali ya mjini, mtahudumiwa huko."

Kumbe dereva alikuwa ameshaambiwa. Aliingia akauliza aanze na kipi, na Profesa akamwonyesha kabati. Mashine ilikuwa tayari kwenye boksi lake, limefungwa kwa utepe wa gundi.

"Subiri kidogo," Raheli alisema. "Profesa, nina swali moja. Hizi dawa za presha. Nazo bado mnazitafiti?"

"Hapana, mama. Hizo zilitafitiwa zamani. Presha ikidhibitiwa, kiharusi kinapungua. Hilo halina ubishi tena."

"Kwa hiyo hilo ni jibu."

"Ni jibu, ndiyo."

"Haya. Swali lenu nimeliharibu mimi. Lichukueni, vikopo vile pale, pakieni mwende navyo, sina neno. Sasa jibu mnalipeleka wapi?"

Dereva alikuwa kakumbatia kabati, hajui aliweke au atoke nalo.

"Mama, fedha za dawa zimefungamana na utafiti," Profesa alisema, na ilionekana hata yeye hakuyapenda maneno yake. "Utafiti ukifungwa hapa, sina fungu la—"

"Sikukuuliza fungu. Unamwona yule pale nyuma? Yule alikataa kuchanganya. Alisema ni amana. Nilimpigia magoti ndipo akamimina. Mwenye kosa ni mimi, basi mimi nifuteni, nitakwenda mjini kwa miguu, miguu ninayo. Yule hana. Aliwahi kuacha dawa kwa sababu ya umbali, akaanguka. Mkimwondolea kabati hilo ataanguka tena, na safari hii hamtasema hamkujua, kwa sababu umeniambia sasa hivi kwa mdomo wako kwamba hilo halina ubishi."

"Hakuna anayetaka mtu aanguke, mama."

"Basi mwambie huyo dereva aliteremshe."

"Nitaandika barua leo hii. Nitaomba ruhusa maalumu, nakuahidi."

"Andika. Uandike kabati likiwa hapa."

Dereva, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, alianza kwenda mlangoni hatua fupifupi, chupa za dawa zinagongana ndani. Raheli alifika kwanza. Alisimama katikati ya mlango, mkono mzima umeshika mwimo, ule mwingine unaning'inia. Dereva akasimama. Angemsukuma angepita, lakini mtoto gani wa watu atamsukuma mama mwenye kiharusi?

Hapo ndipo ikasikika fimbo. Mwantum alikuwa ameinuka kwenye benchi la nyuma. Aliburuza mguu wake kupita kati ya watu, akampita Profesa, akafika kwenye kiti cha kupimia, akakaa. Aliegemeza fimbo ukutani. Kisha akakunja mkono wa dera, taratibu, mpaka juu ya kiwiko, akaulaza mkono juu ya meza iliyokuwa tupu.

"Daktari Stanley, mwanangu," alisema. "Leo ni siku yangu ya kliniki. Nipime."

Stanley alimtazama Profesa. Profesa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Stanley akachuchumaa, akachana utepe wa boksi kwa ufunguo, akaitoa mashine akaiweka mezani. Alimfunga Mwantum mkanda mkononi kwa uangalifu kama siku zote. Mashine ikanguruma mpaka ikamaliza.

"Iko juu, mama. Si sana, ila imepanda."

"Nina wiki sina raha," Mwantum alisema. "Nipe dawa zangu."

Stanley akainuka. Alimwendea dereva akamshika bega. "Kaka, rudisha hilo kabati mahali pake."

"Daktari Stanley," Profesa alisema.

"Nina wagonjwa, Profesa." Hakupandisha sauti, na hakuinama. "Na kuna jambo langu mwenyewe ninalotakiwa kukueleza, litakukasirisha kuliko la beseni. Nitakueleza nikimaliza foleni. Gari lisubiri."

Dereva alilirudisha kabati. Mzee Abeli, ambaye tangu aache ukarani hakuwahi kujitanguliza mbele ya wakubwa, alijikongoja akasimama nyuma ya kiti cha Mwantum, na wengine wakajipanga nyuma yake. Profesa Angelina aliwaangalia. Akatoa simu yake, akatoka nje kupitia ubavuni kwa Raheli, na wote wakamsikia akimwambia mtu wa mjini kwamba hapana, hawarudi bado, na kwamba anataka kuongea na mkuu mwenyewe, sasa hivi.

Raheli aliachia mwimo wa mlango. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Hakujua aelekee wapi, kwa sababu aliyetaka kumwendea alikuwa amekaa pale kwenye kiti anahesabu vidonge vyake vya mwezi, na hakuwa na hakika kama anaruhusiwa.

"Sijakusamehe," Mwantum alisema, macho kwenye vidonge.

"Najua."

"Mzee Abeli, mpishe huyu. Ameshasimama sana." Akainuka polepole kwenye kiti, akakisogeza kidogo kwa fimbo kumwelekea Raheli. "Kaa. Kunja mkono tuone presha yako imepanda mpaka wapi."